Mbwa wa miezi 9 anaburuta kamba na kusahau mafunzo (Dodoma)

Kutoka: mama wa Nzuguni

Ndugu zangu Wakenya wa Dodoma na kwingineko, hamjambo. Naomba ushauri kwa yeyote aliyefuga mbwa huku. Wetu ni dume, chotara wa German Shepherd, ametimiza miezi 9. Alipokuwa na miezi 5 ukimwambia keti anaketi, ukimwita anakuja mbio, na kamba inalegea mkononi hadi tunarudi nyumbani. Sasa tukivuka geti tu ananiburuta. Akiona mbuzi ndiyo basi, hata jina lake hasikii. Mlinzi wetu anasema huyu ameshaharibika, tumfunge mnyororo mchana na kumfungulia usiku kama majirani wafanyavyo, na mzee wa nyumba ameanza kumuunga mkono. Mimi sitaki, lakini bega linauma na watoto wameanza kumwogopa. Nifanyeje?

Kutoka: mama wa Ilazo

Dada, pole sana. Nakuomba usimfunge mnyororo. Mbwa aliyefungwa mchana kutwa anafanya zoezi moja tu, nalo ni kuvuta. Kila anayepita nje anamrukia mpaka mnyororo unamkaba, na kwa kuwa mpita njia lazima aende zake, mbwa anaamini ni yeye aliyemfukuza. Kesho anaongeza nguvu. Baada ya miezi michache unamfungulia usiku mnyama asiyejua kutofautisha mwizi na mtoto wa jirani aliyeingia kuokota mpira. Hapa Dodoma nimeona mbwa wengi wa namna hiyo, na nawahurumia kwa sababu wengi wao walianza kama wako, wapole kabisa.

Mbwa wako hajaharibika. Anabalehe. Kwa mbwa wengi kipindi hiki huanza karibu na miezi 6, na kwa mbwa wenye miili mikubwa kinaweza kuendelea hadi mwaka na nusu au 2. Mwaka 2020 watafiti wa vyuo vikuu vya Newcastle, Nottingham na Edinburgh huko Uingereza walichapisha kazi yao juu ya jambo hili hasa. Waliona kwamba mbwa wa miezi 8 walikuwa wagumu kutii amri ya kuketi kuliko walipokuwa na miezi 5, lakini ugumu huo ulikuwa kwa mlezi wao. Mgeni akitoa amri ile ile, walitii. Wenyewe walisema ni kipindi cha kupita. Nakuandikia haya ili umsomee mzee wa nyumba, maana wengi huwapa watu mbwa wao, au huwatupa, katika umri huu huu.

Sasa kamba. Mbwa anavuta kwa sababu kuvuta kunamfikisha. Alitaka kunusa ule mti, akavuta, ukamfuata, akanusa: amelipwa. Ukimzuia mara tatu na mara ya nne ukachoka ukamwachia, umemfundisha kuwa mvumilivu wa kuvuta, na hapo ndipo huwa mgumu kuliko yule anayeachiwa kila siku. Kwa hiyo sharti ni moja na halina siku ya mapumziko: kamba ikikaza, hakuna anayesogea. Simama. Usimpigie kelele, usimkung'ute shingo. Subiri ageuke au arudi hatua moja, kamba ilegee, kisha mwendelee. Mwanzoni mtaenda nyumba mbili tu na kurudi, na hiyo inatosha kabisa. Atakapogundua ujanja wake haufanyi kazi tena ataongeza nguvu kwa muda kabla ya kuacha. Wengi hukata tamaa hapo hapo wakidhani mambo yamezidi kuharibika.

Mlipe pia kwa kuwa pale unapomtaka. Kila akitembea sambamba na goti lako mpe kipande kidogo, kiwe kidogo kama ukucha, ukimpa karibu na mguu wako ili kichwa chake kizoee kukaa hapo. Maini ya kuchemsha bila chumvi yanafaa sana, firigisi pia. Dagaa wakavu wasio na chumvi ni rahisi kubeba mfukoni, ingawa watakunukisha shombo.

Anza ndani ya uwanja, geti likiwa limefungwa. Mbwa anayeweza jambo uani hajui bado kulifanya barabarani penye bodaboda, na kwa umri wake hata alichokijua barabarani mwezi jana anaweza kukipoteza wiki hii. Hilo ndilo linaloumiza moyo, najua. Mrudishe darasa la chini bila kinyongo: uani, kisha mbele ya geti, kisha kichochoro kisicho na watu, kisha barabara.

Ondoa mnyororo wa kukaba shingoni kama mnao. Unaumiza koo, na haumfundishi cha kufanya badala ya kuvuta. Tafuta mkanda wa kifuani wenye pete mbele, penye kidari. Akivuta, anageuzwa kukuelekea wewe badala ya kupata nguvu za ng'ombe wa plau. Usipoupata dukani, nenda kwa fundi wa viatu au mabegi na vipimo vya kifua chake, umwonyeshe picha, akushonee kwa utepe mpana ule wa mabegi. Hakikisha haumbani kwapani. Kamba iwe kama mita 2. Zile za kujikunja zenyewe ndani ya kishikio ziache, kwa kuwa ili irefuke ni lazima mbwa avute, na ndicho tunachotaka aache.

Mbuzi ni mtihani wa peke yake, nao Dodoma hawana ratiba. Kila mbwa ana umbali ambao anaona mbuzi na bado anasikia jina lake. Utafute umbali huo, hata kama ni upande wa pili wa uwanja wa mpira, ukae naye hapo. Akimtazama mbuzi kisha akakutazama wewe, mpe maini. Ukiona masikio yamesimama, mwili umekakamaa na maini hayataki tena, mmekaribia mno. Geuka uondoke naye. Siku nyingine mtasogea kidogo.

Muda: alfajiri, jua halijapanda. Kiangazi cha hapa, ardhi na lami vinaunguza nyayo mchana. Weka mgongo wa kiganja chako chini kwa sekunde 7. Kama huvumilii, yeye pia asikanyage. Na akianza ghafla kugoma au kuchechemea usimwite mkaidi kabla hujamkagua nyayo. Mbigili za Dodoma unazijua. Mbwa wakubwa wanaokua hupata pia maumivu ya mifupa, ambayo yanaweza kuhama kutoka mguu huu kwenda ule. Hilo ni la daktari wa mifugo.

Kutoka: mwanachama wa Kondoa

Naongeza mambo mawili kwa mama wa Nzuguni. Msimpe zabibu, mbichi wala kavu. Zabibu zinaweza kuua figo za mbwa, na huku msimu wa mavuno zipo kila kona, watoto wanagawa tu kwa upendo. Pili, chanjo ya kichaa cha mbwa iwe hai na cheti kiwepo, maana mbwa anayeburuta kamba ndiye anayekutana na mbwa wa mitaani kwa ghafla. Mtu akiumwa na mbwa yeyote, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo.

Kutoka: mama wa Nzuguni

Asanteni sana, nimesoma kwa sauti mezani. Baba watoto amekubali tujaribu bila mnyororo. Swali langu sasa ni mlinzi. Mchana akibaki naye anamruhusu avute mpaka dukani, na huwezi kumgombeza, ni mtu mzima. Na vipi watoto wa mtaani wanaokimbia wakipiga mayowe wakimwona? Je, kumhasi kutasaidia?

Kutoka: mama wa Ilazo

Mlinzi usimgombeze, mpe heshima ya kazi. Mwite mzee, mwamkie, umwombe akusaidie kumfundisha mbwa ambaye ndiye mwenzake wa zamu usiku. Mwonyeshe mara moja kusimama kamba ikikaza, umwachie kikopo cha maini. Kama hayupo tayari, basi kwa sasa asitoke naye kabisa. Acheze naye uani, amfiche chakula ajitafutie kwa pua. Kunusa kunamchosha mbwa wa umri huu vizuri, na kutakusaidia siku ambazo bega halitaki kutoka. Na nyumba nzima mkubaliane amri moja, keti au kaa, kila mtu aitumie hiyo hiyo.

Watoto: ongea nao siku ambayo hukushika mbwa. Waambie wasimame tu, mikono chini, wasimtazame machoni, naye atapoteza hamu. Wengi wana sababu ya kuogopa, wameona mbwa wakiuma. Ukipishana na majirani wanaokwenda msikitini, fupisha kamba mapema na hamia upande wa pili wa njia ili asiwaguse na udenda wake. Ukifanya hivyo mara kwa mara utashangaa watakavyoanza kukusalimia.

Kuhasi kunaweza kupunguza kuzurura kufuata majike, lakini hakutamfundisha kamba, na kwa mbwa mkubwa anayekua, zungumza kwanza na daktari wa mifugo kuhusu umri ufaao. Wiki hii fanya ya uani tu, geti limefungwa, asubuhi na jioni, kwa dakika chache. Kisha utuandikie ameendeleaje.