Ushauri: Binti wa mwaka 2140 akitua Kariakoo ya leo, atashangaa nini?

Msimulizi wa Temeke

Habarini wakuu. Naandika riwaya, nimekwama sura ya pili, naombeni mawazo yenu.

Mhusika wangu anaitwa Tunu, ana miaka 17, anatoka Dar ya mwaka 2140. Huko kwao bahari imekula bonde lote la Msimbazi, Jangwani ni mkono wa maji ya chumvi, na waliosalia wamehamia vilima vya Pugu. Mto Ruvu umebaki mchanga, maji ya kunywa yanagawiwa kwa kikombe. Kwa njia niliyokwisha kuieleza sura ya kwanza (msinibane hapo), anajikuta mtaa wa Msimbazi, Kariakoo, saa nne asubuhi, mwaka huu wetu.

Kwa sasa anashangaa magorofa, anashangaa simu, analia, halafu anaanza kuwahubiria watu yatakayowakuta. Nikisoma namwona mtalii, simwoni mtu aliyetoka kwenye dhiki. Nataka msomaji wa Mbagala amwamini. Mtu wa namna hiyo angefanya nini hasa?

Fundi Zege

Mkuu, magorofa yatoe kwenye orodha ya mshangao. Amekulia kwenye vifusi vyake, anajua nondo inavyokaa ndani ya nguzo kuliko mimi. Kitakachomtisha ni kuona watu wanapita chini ya jengo bila kutazama juu. Yeye atatembea katikati ya barabara, mbali na kuta, kwa sababu kwao kuta huanguka. Na hapo ndipo bodaboda itamkosakosa.

Muuguzi Dodoma

Mimi nakuomba uangalie chakula. Waandishi wengi humkalisha mtu kama huyu mezani, anafakamia sahani ya pilau, anashiba, anatabasamu. Kama kweli ametoka kwenye njaa ya muda mrefu, hiyo sahani inaweza kumuua. Mwili uliozoea kukosa ukipokea wanga mwingi kwa mpigo, madini kama fosfeti na potasiamu hushuka ghafla kwenye damu, na moyo unaweza kushindwa. Ndiyo maana wodini mtoto mwenye utapiamlo mkali tunamwanzishia maziwa maalumu mepesi yaitwayo F-75, kidogo kidogo kila baada ya saa chache, hata kama mama yake analia kwamba tunamnyima. F-100, maziwa yenye nguvu zaidi, au chakula dawa huja baadaye.

Na kichwa nacho kina njaa yake. Mwaka 1944 hadi 1945, Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, wanaume 36 walijitolea kulishwa nusu shibe kwa miezi sita, chini ya mtafiti Ancel Keys. Walianza kulamba sahani, wakawa wanasoma vitabu vya mapishi kama watu wanavyosoma barua za wapenzi. Chakula kiliporudi, wapo waliokula mpaka wakaumwa na bado wakasema hawajashiba. Kwa hiyo Tunu ampate mtu wa kumpa uji mwepesi, na amchukie mtu huyo kwa kumpimia.

Mama Ilala

Mwanangu, wewe huna haja ya kwenda 2140 wala Marekani. Mimi ni wa umri wa kukumbuka 1981 mpaka 1984. Sabuni, sukari, mafuta, vyote vilikuwa vya foleni, na unga ulikuwa ule wa njano. Ukiona watu wamejipanga unaingia kwenye mstari kwanza, kuuliza kinachouzwa ni baadaye.

Biashara ilipofunguliwa na maduka yakajaa, mama yangu mzazi hakucheka wala hakulia. Alinunua miche ya sabuni akaipanga chini ya kitanda, na aliendelea kuikata kwa uzi vipande vyembamba vilevile vya enzi za shida. Alipofariki, miaka mingi baadaye, tulikuta sandukuni sabuni zimekauka na kupasuka kama udongo wa kiangazi. Hakuwahi kuamini kwamba vitu vimerudi kukaa.

Basi Tunu wako akipita kituo cha mwendokasi akaona foleni, ataingia. Hatajua ni ya nini.

Msimulizi wa Temeke

Shikamoo mama. Hiyo ya foleni naiomba, naiweka kama ilivyo. Na chupa za maji atazificha chini ya godoro kitabu kizima, hata akishaolewa.

Mtoto wa Pangani

Naongezea jambo ambalo naona halijaguswa. Kwetu tuna kisiwa kilichokufa. Kinaitwa Maziwe, kipo baharini mbele ya Pangani. Wazee wanakikumbuka kina miti ya mivinje na kasa wakipanda kutaga kwa wingi. Miti ilikatwa, bahari ikala mchanga, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 uoto ulikuwa umekwisha. Leo ni fungu la mchanga linaloibuka maji yakipwa na kuzama yakijaa.

Mimi nimezaliwa baada ya hapo. Wazee wakitaja Maziwe sauti zinabadilika, mimi kwangu ni fungu zuri jeupe, tunapeleka wageni kuogelea. Sijawahi kulililia, kwa sababu sijapoteza kitu nilichokijua.

Sasa Tunu. Wewe unaandika kana kwamba anajua kwao ni magofu. Kwao ni kwao! Kuna mahali anapenda kukaa jioni juu ya Pugu, kuna harufu ya maji ya chumvi Jangwani, kuna rafiki wa kikombe. Akifika Kariakoo, kabla ya kuona kwamba sisi tuna neema, ataona kelele, moshi na watu wengi mno. Atataka kurudi. Mimi ningemwonyesha kunguru, hawa weusi wa Dar walioletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 na wakashindikana kufutwa. Nina hakika 2140 watakuwepo. Huyo ndiye mwenyeji pekee anayemfahamu mtaani, na akimwona juu ya waya atatulia kidogo.

Mwalimu Songea

Naunga mkono, na hapohapo yale mahubiri yafe. Jiulize: wewe ukirushwa mwaka 1889 kwa wafugaji wa Kimasai, utaweza kuwaonya kwamba sotoka inakuja na itamaliza ng'ombe wao? Unajua imeanzia wapi, itapita njia gani, mwezi gani? Ugonjwa huo ulitangazwa kutokomezwa duniani 2011, lakini wengi wetu hatuna hata jina lake kichwani. Tunu ana miaka 17 na hajasoma shule. Atakuwa na vipande tu: wimbo wa watoto, jina la mafuriko fulani, methali isiyoeleweka. Akiulizwa "lini?" atajibu "zamani za bibi."

Mkulima Mbarali

Nakubaliana na wote ila nakataa kwamba hana hasira. Huku Usangu tumeishi na Ruaha Mkuu. Mto ambao wazee hawakuwahi kuuona umekauka, tangu 1993 ukawa unakatika kule hifadhini kila kiangazi, na sababu kubwa ni maji tunayoyachepusha huku juu kwa mpunga. Mimi ni mmoja wa wanaolima huo mpunga, na watoto wanasoma kwa huo mpunga. Akija Tunu akanifokea "mmemaliza dunia" sitamsikia. Lakini akipita panapooshewa magari, mpira wa maji umeachwa unamwaga mtaroni na kijana anaongea na simu, halafu yeye akapiga magoti akaukinga mdomo, kisha akaufunga kwa mikono miwili na kukataa kuuachia, nitamsikia mpaka mfupani. Hasira yake iwe na bomba mkononi.

Msimulizi wa Temeke

Nashukuru sana, wakuu. Nimefuta kurasa zote za mahubiri. Sasa anatembea katikati ya barabara, anamwona kunguru, anaingia foleni asiyoijua, kisha mpira wa maji. Swali lililobaki: Kariakoo itamchukuliaje?

Muuza Vitenge

Hapo niulize mimi, niko Kariakoo kila siku. Kwanza hakuna atakayemshangaa. Akisimama njiani atasikia "mzigo, mzigo!" na mkokoteni utamsogeza. Akikumbatia mpira wa maji, vijana wataanza kucheka, mmoja atatoa simu arekodi, na mwenye eneo la kuosha atadai hela ya maji. Atakayemwokoa ni mama lishe, naye hatauliza umetoka wapi, atauliza "we mtoto wa nani?" Hapo mkuu ukae sana, maana Tunu akitaja ukoo wake, huenda mama huyo ana ukoo huohuo. Na andika nani aliyelipia ule uji. Msomaji wa Mbagala atakuuliza.