Miwani ya VR inatosha kufundisha watu kuvaa eksoskeletoni?

MwalimuWaZamu:
Wakuu habari zenu. Mimi nafundisha usalama kazini, na kazini wanataka kuleta eksoskeletoni za springi, yaani fremu unayoivaa mwilini ikusaidie kazi, za mgongo kwa wanaobeba na za mabega kwa wanaoshinda mikono ikiwa juu. Bosi anasema tununue miwani ya VR, ile inayokuonyesha mahali pa kubuni kana kwamba upo humo, watu wasome humo humo, wakimaliza wavae waingie kazini. VR naikubali sana, mtu anaingia ghalani anageuka huku na huku, akikosea haumii yeye wala mwenzake. Ila nasita, atajuaje vazi linavyombana kama hajalivaa? Mnaofahamu hizi mambo, VR niitumie wapi na niiache wapi?

Mtambo_77:
Umesita panapostahili mkuu. VR inayaweza macho na masikio, mwili haiuwezi. Ile rimoti ya mkononi inatetemeka tu, boksi la kilo 20 humo ndani halina uzito wowote, sasa ukimwachia mtu azoee kuinua hewa akija kwenye boksi lenyewe anakurupuka nalo. Na hizi za springi kazi yake yote unaijua kwa kuhisi. Ukiinama inajikaza, ukiinuka inakurudishia ile nguvu, mara ya kwanza unaona kabisa kuna mtu anakuvuta kwa nyuma, hata ukichuchumaa kufunga kamba ya kiatu inakusukuma juu.

Pa kuitumia sasa: waonyeshe nguvu inakokwenda. Wengi wanadhani vazi linafuta mzigo, halifuti, linauhamisha, la mgongo linakandamiza kifua na mapaja, la mabega linashusha uzito wa mikono hadi kiunoni. Humo unaweza kupaka mwili rangi pale panapobeba na mtu akainama mwenyewe akaona rangi inahama, hapo anaelewa kwa nini mkanda wa kiuno ukilegea hakuna kitu. Halafu zile hatari ambazo huwezi kumjaribishia mtu kwa kweli, mkanda kunaswa na mashine, kupita penye nafasi finyu, ngazi.

Ila wanaotengeneza hizo programu uwabane wasimfanye mvaaji jitu lenye nguvu za ajabu. EksoVest, ile ya mabega ambayo Ford waliisambaza viwanda 15 mwaka 2018, inasaidia kila mkono kilo 2 mpaka 7 hivi basi. Mtu akitoka kwenye VR anaamini atabeba mara mbili umeshamuumiza.

MwalimuWaZamu:
Hapo nimekupata mkuu. Na nikiwavalisha vazi lenyewe halafu juu yake miwani ya VR?

Dada_Ergo:
Inawezekana kaka, na mimi ndiyo napendelea, springi haina umeme kwa hiyo haigombani na miwani. Anauona mzigo wa VR huku mwili unahisi vazi la kweli, na mkononi mpe boksi la kweli jepesi. Ila awe na mtu wa kumsimamia muda wote maana haoni sakafu. Na atembee kwa miguu yake, usimsogeze kwa rimoti, macho yakisema natembea na sikio la ndani linasema nimesimama hapo ndipo kizunguzungu na kichefuchefu vinapoanzia. Vipindi viwe vifupi, mwenye kichwa kuuma atoe miwani bila kuulizwa maswali.

Za mota ni habari nyingine, kule VR inasaidia zaidi kwa kuwasha, kuzima na betri kuisha mtu akiwa katikati ya kuinua.

NavaaKilaSiku:
Mimi ni mvaaji wa ile ya mabega, niseme la kwetu. Kinachowafanya watu waitupe pembeni ni vipimo. Kiungo cha vazi kisipokaa sawa na bega lako kinakusugua mpaka unachukia, na kwa akina dada mikanda ya kifua ni shida yake peke yake. Kila mtu ajifunge mwenyewe, akiwa na nguo zake za kazi na mikanda ya kuzuia kuanguka kama anaivaaga, ndiyo mtajua kama vinakaa pamoja. Ukishusha drili mikono inataka kupanda yenyewe, inabidi uisukume chini, hilo lizoeleweni taratibu, siku za mwanzo muda mfupi halafu mnaongeza. Na kuvua haraka mfanye kwenye vifungio vyenyewe, glavu zikiwa mkononi. Moto ukitokea vidole ndio vinatakiwa viwe vinajua pa kubonyeza.