Madodoso ya utafiti chuoni: kibali kinatoka wapi, na maadili yanasimamiwaje?

Mratibu_Dom

Wakuu, salaam. Chuo ni cha hapa Dodoma, kina cheti, stashahada na shahada, wanafunzi wapatao 4,000. Madodoso yamezidi: ya wanafunzi wa mwaka wa mwisho, ya wahadhiri, ya ofisi ya ubora, ya watafiti wa nje, na viungo vya Google Forms vinavyorushwa kwenye magrupu ya WhatsApp ya madarasa bila mwenyewe kujulikana. Utaratibu uliopo ni barua ya utambulisho tu, kamati ya maadili haipo. Nani hasa anatakiwa kutoa kibali? Tupange vipi mapitio ili mwanafunzi wa shahada asisubiri miezi miwili kwa dodoso la maswali 20? Na tuwakinge vipi wanafunzi wasisumbuliwe kila wiki?

Mtakwimu_Kilimani

Mkuu, anza kwa kutenganisha mambo matatu ambayo vyuo vingi vinayabebesha barua moja. Kuna kibali cha kufanya utafiti, hayo ni mamlaka. Kuna kibali cha maadili, yaani watu wasio na maslahi kwenye utafiti wamepima madhara yake kwa mshiriki. Halafu kuna ruhusa ya kuingia, ambayo ni ya mwenye eneo. Barua ya utambulisho inasaidia hilo la tatu peke yake.

Kwa mamlaka, vyuo vikuu vya umma vimezoea kutumia waraka wa Serikali Kumb. Na. MPEC/R/10/1 wa tarehe 4 Julai 1980, unaomruhusu Makamu Mkuu wa Chuo kutoa kibali kwa wafanyakazi na wanafunzi wake kwa niaba ya Serikali. Mtafiti wa kigeni apitie COSTECH (Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia) kwanza, na hata kama ana rafiki kwenye idara yenu msimfungulie darasa kabla kibali hicho hakijatoka. Utafiti wa afya unahitaji kamati ya maadili ya NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) au kamati ya taasisi inayotambuliwa kwa kazi hiyo. Hapa ndipo vyuo visivyo vya afya hukosea: dodoso la sonona au mawazo ya kujiua ni utafiti wa afya hata kama mtafiti anasoma uhasibu.

Mapitio yapange kwa uzito wa hatari. Dodoso lisilotaja jina, la watu wazima, lenye mada ya kawaida kama matumizi ya maktaba, lisomwe na mpitiaji mmoja ndani ya siku tano za kazi. Likigusa kipato, mahusiano, dini, siasa au udanganyifu kwenye mitihani, lisomwe na wawili ndani ya siku kumi. Yale ya afya ya akili, ukatili wa kijinsia, dawa za kulevya, au yenye washiriki chini ya miaka 18 yaende kwenye kikao kamili cha kamati ya maadili. Wajumbe watano hadi saba wanatosha, mmoja awe mtu wa nje ya chuo na mmoja atoke ofisi ya mshauri wa wanafunzi. Mjumbe akiwa ndiye msimamizi wa mwanafunzi husika, atoke nje ya kikao shauri lake likijadiliwa.

Maombi mengi yatarudi, na sababu ni zilezile. Mwanafunzi analeta sura tatu za pendekezo bila dodoso lenyewe. Fomu ya ridhaa iko kwa Kiingereza, wahojiwa ni wapishi wa kantini. Ameandika “taarifa zitakuwa siri” pasipo kusema zitakaa kwenye kompyuta ya nani, kwa nenosiri gani, na zitafutwa lini. Au anabadilisha maswali baada ya kupewa kibali. Liandikeni wazi kwenye kibali: swali jipya, kundi jipya au njia mpya ya kukusanya, arudi kwenu kabla ya kuendelea. Kibali kidumu miezi 12, basi.

Kuhusu kusumbuliwa, tatizo ni kwamba kila mtafiti anataka “wanafunzi wote”. Piga hesabu. Kwa kanuni ya Yamane ya kukokotoa sampuli, wanafunzi 4,000 na kosa linalovumilika la asilimia 5, sampuli, yaani watu wanaohitajika kujibu, ni 364. Ukitegemea asilimia 60 watajibu, unawatumia 607. Tafiti sita za namna hiyo kwa muhula ni watu 3,642. Sampuli zikichorwa bila kurudia jina, hakuna mwanafunzi anayeulizwa zaidi ya mara moja. Zikitumwa kwa wote, kila mmoja anaulizwa mara sita na kufikia ya tatu anajaza “nakubali” kuanzia juu hadi chini bila kusoma.

Kwa hiyo sampuli ichorwe na ofisi ya msajili, mtafiti asipewe orodha. Ninyi wekeni daftari la tafiti, hata Excel inatosha: namba ya kibali, kundi lengwa, ukubwa wa sampuli, tarehe ya kufungua na kufunga. Wiki mbili kabla ya UE (mitihani ya mwisho wa muhula) na wiki za mitihani zenyewe, dodoso lisitoke.

Ridhaa_Kwanza

Naunga mkono, ila nakazia kipande ambacho kamati nyingi hukipita haraka. Kibali cha chuo hakimfungi mwanafunzi kujibu. Mhadhiri akigawa karatasi kwenye darasa lake, akasimama mbele, akakusanya kwa mkono, hakuna hiari hapo hata kama neno “hiari” limeandikwa kwa herufi nene. Mhadhiri anayeachiwa karatasi tupu ndiye atakayemsahihishia mwanafunzi huyo mtihani.

Dawa yake ni ndogo. Mhadhiri atoke darasani, agawe mtu asiyewafundisha. Kila mtu arudishe karatasi kwenye sanduku lililofungwa, aliyejaza na asiyejaza, ili aliyekataa asionekane. Msitumie muda wa kipindi wala msiahidi alama za kazi za darasani.

Jambo la pili ni kutojulikana. “Usiandike jina lako” hakutoshi. Chukua darasa la wanafunzi 38 lenye wasichana wanne, na dodoso linaloomba programu, mwaka, jinsia, umri na mkoa unaotoka. Msichana wa miaka 24 anayetoka Kigoma ameshajulikana kabla hujafika swali la kwanza. Katika mapitio, kila swali la taarifa za mhojiwa lidaiwe sababu: litatumika kwenye jedwali gani? Halina jedwali, lifutwe. Umri uwe wa makundi, mkoa uwe kanda au uondoke kabisa. Kwenye ripoti, kisanduku cha jedwali chenye watu chini ya watano kiunganishwe na kingine.

Karatasi za ridhaa zilizosainiwa zisipigwe pini pamoja na dodoso, wala zisiwe na namba moja na dodoso. Kama saini ndiyo kitu pekee kinachomtambulisha mshiriki, iondoeni, aweke alama ya vema kwenye kisanduku cha “nimesoma na nakubali”.

Kwenye Google Forms, zimeni kipengele cha kukusanya barua pepe. Kile cha kuruhusu jibu moja kwa kila mtu kinalazimisha kuingia na akaunti. Hata kama mtafiti haioni anwani, mhojiwa ataamini anaonekana, na kwa mada nyeti atadanganya au ataacha. Ni afadhali kuvumilia majibu machache yaliyojirudia.

Mwisho, ukurasa wa ridhaa useme ukweli kuhusu kujitoa: dodoso lisilo na jina likishatumwa haliwezi kutafutwa na kufutwa. Wengi wananakili sentensi ya “unaweza kujitoa wakati wowote” na hawawezi kuitimiza.

Mratibu_Dom

Nashukuru sana. Mawili yamebaki. Wanafunzi wa cheti wengine wana miaka 17, wazazi wako Singida, Tabora, Kigoma. Na watafiti wanataka kutoa bando la shilingi 1,000 kwa kila anayejibu, kwa hiyo wanaomba namba ya simu.

Ridhaa_Kwanza

Wa miaka 17 ni mtoto kisheria, anahitaji ridhaa ya mzazi au mlezi pamoja na kukubali kwake mwenyewe. Mkuu wa chuo asijigeuze mzazi kwa hili. Kama mada haihitaji kundi hilo, swali la kwanza liwe umri, na aliye chini ya 18 apelekwe moja kwa moja kwenye ukurasa wa shukrani. Mtafiti aandike kwenye mapungufu ya utafiti kwamba kundi hilo limeachwa. Kama mada inawahusu wao hasa, mfano unyanyasaji kwenye hosteli, basi fomu ya mzazi itumwe mapema wakati wa usajili au ridhaa ichukuliwe kwa simu mbele ya shahidi, na kikao kamili kiamue.

Bando la 1,000 halina shida, halimshawishi mtu kukubali jambo ambalo angelikataa. Shida ni namba. Weka fomu mbili: ya kwanza ni dodoso, na ujumbe wa mwisho baada ya kutuma una kiungo cha fomu ya pili inayoomba namba tu. Lakini angalieni muda. Fomu zote mbili zinaandika saa na dakika, kwa hiyo aliyetuma dodoso saa 4:12 na namba saa 4:13 anaunganishwa kwa dakika moja. Fomu ya namba ishikwe na mtu mwingine, mfano mhasibu wa idara, ambaye haoni majibu, na mtafiti asiione kabisa. Ikiisha kulipwa ifutwe.

Wakili_Data

Hapo kwenye namba za simu ongezeni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Jina, namba ya simu na namba ya usajili ni taarifa binafsi. Za afya zimo kwenye kundi nyeti. Chuo chenyewe ndicho mkusanyaji mbele ya Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kwa hiyo hakiwezi kusema “hizo zilikuwa za mwanafunzi”. Sheria ina masharti pia ya kusafirisha taarifa nje ya nchi, na fomu za mtandaoni nyingi zinahifadhi nje. Njia nyepesi ni kutokusanya utambulisho kabisa.

Wanaotoka nje ya kampasi kwenda Bahi, Chamwino au Kongwa, barua ya chuo iende kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ishuke kwa Katibu Tawala wa Wilaya, Mkurugenzi wa Halmashauri, hadi mtendaji wa kata na wa kijiji. Chuo jirani nacho kina mwenyewe: kibali chenu hakifungui madarasa yao.

Na vile viungo vya WhatsApp: namba ya kibali, tarehe ya kufunga, simu ya mtafiti na simu ya kamati viwe kwenye mistari ya kwanza ya ujumbe na kwenye ukurasa wa ridhaa. Ma-CR (wawakilishi wa madarasa) waelekezwe kutorusha kiungo kisicho na hivyo vinne. Simu ya kamati ipokelewe na mtu halisi saa za kazi, na kila lalamiko liandikwe kwenye daftari lilelile la tafiti, pembeni ya namba ya kibali husika.