Malalamiko: Kampuni za feri za magari zinatunyanyasa madereva tunaosafiri peke yetu

Ndugu wanajukwaa,

Naandika nikiwa bado nina hasira, na sioni sababu ya kuificha. Nilipanga likizo ndefu ya kuendesha gari peke yangu: gari langu, ratiba yangu, barabara nizitakazo, na feri ya usiku ya kunivusha mimi na gari ili asubuhi nianze safari. Siku za mwanzo za likizo hiyo zimeharibika, na hazikuharibiwa na bahari wala barabara. Zimeharibiwa na kampuni ambayo, tangu ukurasa wake wa kukatia tiketi hadi lango la kutokea bandarini, imepanga kila kitu kana kwamba ndani ya kila gari kuna watu wasiopungua wawili. Jina lake sitalitaja kwa sababu madai yangu bado yako mezani kwao, na pia kwa sababu haya yaliyonipata nimeshayasikia kutoka kwa wateja wa kampuni nyingine.

Bei inayotangazwa kwa herufi kubwa ni ya mtu mmoja, lakini ukisoma maandishi madogo yaliyo chini yake utakuta imepigiwa hesabu ya gari lenye abiria wanne waliogawana gharama. Nakubali kwamba gari huchukua nafasi ileile kwenye sitaha, liwe na mtu mmoja au watano, kwa hiyo sidai gari langu livushwe kwa robo ya nauli. Ninachodai ni bei ya kweli kwenye tangazo. Chumba cha kulala nacho hakikuwepo cha mtu mmoja, hivyo nililipia chumba kizima cha vitanda viwili, nikijiambia kwamba usingizi wa dereva hauna mbadala. Jinsi usingizi huo ulivyoheshimiwa nitaeleza hapa chini.

Bandarini magari hupangwa kwenye mistari yenye namba, na mstari wako unaweza kuitwa wakati wowote. Aliye na mwenzake huteremka akaenda msalani au dirishani kuulizia, gari likabaki na mtu kwenye usukani. Aliye peke yake amefungwa kwenye kiti chake ingawa hakuna kamba. Saa ya kuondoka ilipopita bila gari lolote kusogea, niliteremka kwenda kuuliza, na mfanyakazi mmoja mwenye kizibao cha kuakisi mwanga akaniamuru nirudi garini mara moja, kwa sauti ambayo mtu mzima hastahili kusemeshwa, akidai kwamba nitaziba njia. Matangazo yote yalikuwa yakisomwa ndani ya jengo la abiria, na huku kwenye mistari ya magari hakukuwa na spika hata moja iliyokuwa ikifanya kazi. Kwa hiyo walionitangulia kujua kwamba meli imechelewa ni wale waliokuwa na mtu wa kumtuma.

Umoja wa Ulaya una Kanuni namba 1177 ya mwaka 2010 kuhusu haki za abiria wa majini, ambayo ilianza kutumika Desemba 2012. Kanuni hiyo inamtaka msafirishaji awaarifu abiria mapema iwezekanavyo, na kwa vyovyote vile kabla ya kupita dakika 30 tangu saa ya kuondoka iliyopangwa. Kuondoka kukitarajiwa kuchelewa kwa zaidi ya dakika 90, abiria huchagua kati ya kurudishiwa nauli na kupelekwa kwa njia nyingine; na meli ikifika kwa kuchelewa, kuna fidia ya robo au nusu ya nauli kulingana na urefu wa safari na saa zilizopotea, isipokuwa pale hali ya hewa ilipohatarisha usalama wa chombo au palipotokea jambo lisilo la kawaida. Najua si kila bahari iko chini ya sheria hiyo. Naitaja kwa kuwa inathibitisha kwamba kumwambia abiria ukweli ndani ya nusu saa si kazi isiyowezekana. Sisi tulikaa gizani kwa muda unaozidi huo maradufu, usiku wenyewe bahari ikiwa shwari, na ujumbe wa simu ulioeleza kwamba kulikuwa na “marekebisho madogo ya ratiba” uliingia wakati magari yameshaanza kupakiwa.

Hasara ya kuchelewa huku haiishii kwenye saa zenyewe. Upande wa pili nilikuwa nimekata tiketi ya feri ndogo ya mchana kuelekea kisiwani, na malazi ya usiku wa kwanza yalikuwa huko kisiwani. Feri ndogo haikuningoja, malazi hayakurudisha fedha, na kila kampuni niliyoiuliza ilinielekeza kwa mwenzake.

Turudi kwenye usingizi. Tangazo la kuamka lilipigwa ndani ya vyumba giza likiwa bado nene, na muda mfupi baadaye wahudumu wakaanza kugonga milango wakitaka tutoke ili vyumba vifanyiwe usafi kwa ajili ya abiria wa safari inayofuata. Taa za bandari zilikuwa bado hazijaonekana. Tukasongamana kwenye ngazi nyembamba pamoja na mizigo, wengine wakiwa na watoto mabegani, kwa kuwa mlango wa kuteremkia sitaha ya magari hufunguliwa meli ikishafika gatini. Tulisimama hapo kwa muda ambao ungetosha mtu kupata usingizi wa maana.

Kwenye meli hiyohiyo walikuwemo madereva wa malori. Kwa dereva wa lori, Kanuni ya Ulaya namba 561 ya mwaka 2006 inasema kwamba mapumziko yake kamili ya siku, akiwa safarini na gari lake ndani ya feri, yanaweza kukatizwa si zaidi ya mara mbili na kwa muda usiozidi saa moja kwa jumla, na ni lazima apatiwe kitanda. Sheria imetambua kwamba mtu anayeshuka melini akiwa kwenye usukani ni hatari kwake na kwa wengine kama hakulala. Mimi nami nilikuwa nashuka na usukani, tena bila mwenzangu wa kupokezana naye. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kwamba mtu aliyekaa macho kwa saa 17 hadi 19 hufanya vibaya katika vipimo vya umakini sawa na mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu, na pengine vibaya zaidi yake. Barabara ya kwanza nje ya bandari ile ina mzunguko mkubwa wa magari unaoingiliwa na malori kutoka pande zote. Anayepanga ratiba ya usafi wa vyumba ajue kwamba anaamua pia nani ataingia kwenye mzunguko ule akisinzia.

Sasa nifikie jambo lililoniuma kuliko yote. Gari langu lilipakiwa ubavuni mwa lori, limebanwa kiasi kwamba nilitoka kwa kujipenyeza. Nilivuta breki ya mkono, nikaliacha kwenye gia, nikazima alamu kama tulivyoelekezwa, nikapanda juu. Asubuhi niliporudi nilikuta kioo cha upande wa abiria kimekunjwa kwenda kinyume hadi kava lake la plastiki limepasuka, na kuanzia kwenye kitasa cha mlango wa nyuma hadi kwenye bampa kuna mchubuko mrefu uliojaa rangi ya bluu ambayo si ya gari langu. Ukiupitishia kidole, rangi ile ilikuwa bado inabanduka.

Nilimwita mfanyakazi aliyekuwa karibu nikamwonyesha. Alitazama, akatikisa kichwa, akaninyoshea mkono kuelekea mlango wa meli: “Toka kwanza, mambo hayo utaongea nje.” Magari ya mbele yalishaondoka, ya nyuma yalikuwa yakipiga honi, na moshi ulikuwa umeanza kujaa. Angekuwepo mtu kwenye kiti cha abiria, yeye angepiga picha, angeandika namba ya lori, angebaki kuongea na afisa huku mimi nikisogeza gari. Nilipiga picha anayoweza kuipiga mtu mmoja katika hali hiyo, nikatoka. Huko nje njia ya kutokea imezungushiwa vizuizi na hairuhusu gari kusimama hadi uvuke lango la bandari, na dirisha la kampuni lililokuwa nje ya lango lilikuwa limefungwa. Nililalamika kwa barua pepe nikiwa nimeegesha palepale, injini ikiwa bado na moto.

Jibu lao? Kwamba uharibifu “haukuripotiwa kwa maandishi kabla ya gari kuondoka chomboni”.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma, na wanaosafiri hivi ni vyema wayajue haya. Mkataba wa Athens wa mwaka 1974, yaani mkataba wa kimataifa kuhusu usafirishaji wa abiria na mizigo yao baharini, kama ulivyorekebishwa kwa itifaki ya mwaka 2002 iliyoanza kutumika Aprili 2014, unashughulikia pia magari ya abiria. Chini ya mkataba huo gari likiharibika, msafirishaji anawajibika mpaka yeye mwenyewe athibitishe kwamba tukio halikutokana na uzembe wake. Mzigo wa kuthibitisha uko kwake. Lakini mkataba huohuo unamtaka abiria atoe taarifa ya maandishi ya uharibifu unaoonekana kabla ya kukabidhiwa gari lake au wakati anapokabidhiwa. Kwa uharibifu usioonekana kwa urahisi ana siku 15. Asipofanya hivyo, huchukuliwa kwamba alilipokea gari likiwa zima hadi athibitishe vinginevyo. Yaani dakika ile moja ya kupungiwa mkono na kupigiwa honi ndiyo dakika ambayo kisheria mzigo wa uthibitisho unaweza kuhama kutoka kwenye kampuni kuja kwangu, na kampuni ndiyo inayoamua dakika hiyo iwe ndefu au fupi kiasi gani. Mkataba unasema pia kwamba taarifa ya maandishi haihitajiki endapo pande zote mbili zimelikagua gari kwa pamoja wakati wa kulipokea. Mimi niliomba ukaguzi huo kwa mdomo wangu, mbele ya mfanyakazi wao, nikafukuzwa.

Mtu asije akaniambia kwamba ningeshuka usiku kuliangalia gari. Abiria haruhusiwi kwenye sitaha ya magari iliyofungwa wakati meli inasafiri, na katazo hilo naliunga mkono kwa moyo wote. Tarehe 6 Machi 1987 feri ya magari Herald of Free Enterprise iliondoka bandari ya Zeebrugge, Ubelgiji, milango yake ya mbele ikiwa wazi, maji yakaingia kwenye sitaha ya magari, na watu 193 wakafa. Mwaka 1994 meli Estonia ilipoteza sehemu yake ya mbele katika bahari ya Baltiki, wakafa watu 852. Sitaha ya magari ni ukumbi mmoja mrefu usio na kuta za kugawa, na maji yakiingia humo hukimbilia upande mmoja na kuipindua meli kwa muda mfupi sana. Mahali pa namna hiyo hapafai kutembelewa ovyo, na milango yake inapaswa kufungwa.

Lakini kama mlango umefungwa na ufunguo anao msafirishaji, basi gari liko mikononi mwake peke yake, na hawezi kunigeukia asubuhi akaniuliza ushahidi wangu uko wapi. Mkataba wa SOLAS wa usalama wa maisha baharini unataka sitaha hizo zipigwe doria au zifuatiliwe muda wote wa safari, kwa mfano kwa kamera, ili magari yanayosogea na watu wanaoingia bila ruhusa waonekane. Kuna aliyekuwa akiangalia usiku ule, au kuna aliyepaswa kuwa akiangalia.

Kwa hiyo nimewaandikia upya. Nimedai kumbukumbu za doria na picha za kamera za sitaha yetu tangu kupakia hadi kupakua, jina la kampuni yenye lori lililopangwa kando yangu, na maelezo ya maandishi kuhusu ni wapi, ndani ya meli yao, dereva aliye peke yake anaweza kusimama ili aandike taarifa wanayoidai. Nimewaomba pia watenge maegesho machache kando ya njia ya kutokea, ndani ya lango, awepo afisa mwenye fomu na kalamu. Gharama ya jambo hilo haizidi ya vizuizi walivyoviweka kutuzuia tusisimame.

Wenye uzoefu, naomba msaada wenu katika mambo mawili. Je, kuna aliyewahi kupewa picha za kamera za sitaha ya magari, na alizidai kwa njia gani, yeye mwenyewe au kupitia bima ya gari? Na je, kuna kampuni yoyote ambayo mliwahi kuona ikimpa dereva fomu ya hali ya gari wakati wa kupakia, ili kioo kizima kiandikwe kizima kabla ya mlango kufungwa? Kama ipo, nitajie hapa na uweke picha ya fomu yenyewe ukiwa nayo, nami nitaiambatanisha kwenye barua yangu inayofuata kwao.