Testa ya bei nafuu inaona koili kama rezista, naomba ushauri

Mafundi, hamjambo? Nina ile testa ndogo ya kupimia vipuri vya elektroniki, LCR-T4, zimejaa Luthuli Avenue, Nairobi. Kwa transista na kapasita sina neno nayo. Shida ni koili: zilizo chini ya mikrohenri 10 inazisoma kama rezista tu, na ya mikrohenri 100 jibu hubadilika kila nikiigeuza miguu. Kalibresheni nimefanya, betri ni mpya.

Nafikiria kuiunga hiyo koili ya mikrohenri 100 sambamba na kapasita ya nanofaradi 10 nitafute resonansi yake (masafa ambayo viwili hivyo huitikia kwa nguvu zaidi), ambayo kwa hesabu iko karibu na kilohezi 159. Lakini kapasita ikikosea asilimia 10, kipimo cha koili nacho kitakosea vivyo hivyo, na hizi zangu za kauri siziamini hata kidogo. Waliojaribu, mlitumia kapasita gani? Au nijipange tu kwa mita halisi ya LCR (ya kupimia koili, kapasita na rezista)? Kazi yangu ni pawasaplai, si redio.