Alizeti, mawese au nazi? Mume wangu ana tatizo la moyo

MamaNuru: Habari za jioni wanajamvi. Mume wangu amegundulika ana tatizo la moyo. Tumekubaliana tubadili chakula wote wawili, nisimpikie chake pembeni kama mgeni. Kesho naenda Kariakoo kununua dumu la lita 5. Ninunue alizeti, mawese ya Kigoma au mafuta ya nazi? Hela ni ya dumu moja tu mwezi huu.

MwanaSingida: Alizeti, dada. Tena yale ya kukamua, yanayonukia mbegu.

BiChumbageni: Bibi zetu wamekula wali wa nazi maisha yao yote, na wamezeeka vizuri.

NesiWaZamu: Bibi zetu walikwenda shamba kwa miguu, bi mkubwa. Mafuta ya nazi, zaidi ya asilimia 80 ni yale yanayopandisha lehemu mbaya (kolesteroli) kwenye damu. Mawese ni kama nusu, alizeti kama sehemu moja ya kumi. Lakini MamaNuru, tatizo la moyo lipi? Mishipa, valvu, au moyo umetanuka? Na anameza dawa gani?

KijanaPangani: Ngoja niseme yaliyotupata. Baba alipoambiwa ana moyo, tulihangaika na mafuta tu. Tukahamia alizeti, nyama nyekundu tukaacha, tukaona tumemaliza. Kumbe kila siku tunampa ng'onda, samaki mkavu wa chumvi, maana tulisikia samaki ni mzuri kwa moyo, na kwenye mchuzi mama anavunjia vidonge viwili vya kiungo. Wiki ya tatu viatu havimwingii. Akawa analala ameegemea mito mitatu, akinyooka tu anakosa pumzi. Usiku mmoja tukamkimbiza na bajaji. Daktari kauliza anakula nini, mama akataja vyote kwa fahari. Alipofika kwenye ng'onda, daktari akaweka kalamu chini. Mafuta tulipima kwa kijiko, chumvi hatukuiwaza hata siku moja.

MwanaSingida: Pole sana. Ila ng'onda ukiiloweka usiku kucha chumvi inatoka.

KijanaPangani: Inapungua, haiishi. Tulikuwa tunaloweka.

MamaNuru: Samahani, nilikuwa jikoni. Moyo umetanuka, na presha anayo. Ana dawa ya kutoa maji na nyingine mbili, karatasi anayo yeye. Sisi dagaa wa Unguja ni karibu kila siku.

NesiWaZamu: Hao huchemshwa kwa maji ya chumvi! Mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kijiko kimoja cha chai, pamoja na iliyomo kwenye mkate na vidonge vya kiungo. Mpime uzito kila asubuhi kabla ya chai. Zikiongezeka kilo 2 ndani ya siku tatu, msingoje tarehe ya kliniki. Na ile chumvi ya potasiamu, inayouzwa badala ya chumvi ya kawaida, usinunue kabla daktari hajaangalia dawa zake.

LumwagoKigoma: Dagaa wetu wanaanikwa juani tu.

BiChumbageni: Na badala ya chumvi tia ndimu, tangawizi, kitunguu saumu. Chakula hakipotezi ladha, mwanangu.

MamaNuru: Nimemsomea mkasa wa baba yake KijanaPangani. Kanyamaza, kisha kaisogeza kando bakuli ya dagaa. Na mimi nikaacha. Tumekula ugali na mchicha. Kesho nitapita Feri kwanza kuangalia samaki wabichi.

MwanaSingida: Alizeti ukiipata, angalia chini ya dumu kama kuna mashapo.