Spika za pikipiki zinakata sauti safari ndefu, tatizo amplifaya au waya?

mtu_wa_boxer
Wakuu habari za jioni. Nina Boxer 150, nimefunga amplifaya ya Kichina ya Bluetooth, imekaa chini ya siti, na spika nne za inchi 4, mbili kwenye usukani mbili kwenye gadi ya mbele. Hapa Dar nazunguka nayo kutwa inapiga freshi tu. Sasa nikitoka mjini ndo balaa, juzi naenda Iringa mpaka Chalinze hamna shida, nakaribia Moro ikaanza kukata inarudi inakata inarudi, kufika Mikumi kimya kabisa. Nikapaki nikanywa chai, nawasha inapiga kama hakijatokea kitu, ila spika ya kushoto kwenye gadi ndo haijarudi mpaka leo. Fundi aliyenifungia anasema amplifaya ndogo ninunue ya wati 1000. Kabla sijatoa hela nyingine, ni kweli?

risasi_na_waya
Mkuu shika hela yako kwanza. Hapo una magonjwa mawili, kinachorudi kikipoa na kisichorudi, usiyatibu kwa dawa moja.

Hicho kinachorudi ni amplifaya inajizima kwa joto, chipu zake nyingi zina ulinzi wa ndani, zikichemka zinakata zenyewe. Mjini unapiga sauti ya kawaida na unasimama simama. Highway upepo unapiga kwenye helmeti, husikii kitu, unafungua volyumu yote na besi juu, saa nzima bila kupumzika, halafu kimashine chenyewe umekifungia chini ya siti hakuna hewa. Na swali la muhimu, hizo spika nne zimeungwaje? Kama ni mbili mbili sambamba kwenye mdomo mmoja wa kutolea sauti na kila moja ni omu 4 (omu ni ukinzani wa umeme, ukishuka amplifaya inasukuma umeme mwingi zaidi), amplifaya inaona omu 2, na nyingi za hivyo zimetengenezwa kubeba 4, sio chini ya hapo. Lazima ichemke.

Hiyo wati 1000 ni maandishi ya boksi. Kwa volti 12 wati 1000 zinataka ampea zaidi ya 80, fyuzi yako ya ampea 10 au 15 ingeshakufa zamani. Amplifaya isiyopandisha umeme ndani, kwenye volti 14 na spika ya omu 4, sauti safi haifiki hata wati 30 kwa kila mdomo, ukiilazimisha zaidi ya hapo inakoroma, na huko kukoroma ndo kunaunguza koili za spika, ule waya uliozungushwa ndani nyuma ya koni.

dadaboda_tz
Naongezea, mimi hizi safari za mkoa ndo kazi yangu. Angalia waya za usukani pale shingoni, zile zinakunjwa kila ukikata kona na mafundi wengi wanazifunga kwa zipu taiti hazina hata nafasi ya kucheza. Shaba inakatika ndani, gamba la nje zima, hutaiona kwa macho. Zima injini, weka mziki wa chini, zungusha usukani kushoto mwisho kulia mwisho. Ikikatika hapo shida ni waya, ikiendelea kupiga basi msikilize kaka hapo juu.

mtu_wa_boxer
Asanteni sana. Dada nimezungusha usukani haikatiki. @risasi_na_waya ni kweli zimeungwa mbili mbili, nimefungua siti nimeziona. Hiyo iliyokufa naipimaje?

risasi_na_waya
Chomoa waya zake zote mbili, usipime ikiwa bado imeungwa maana utakuwa unapima na mwenzake. Weka mita kwenye omu, 200. Spika nzima ya omu 4 inasoma 3 na pointi, isiposoma kitu koili imekatika. Halafu weka vidole viwili pande zote za koni usukume taratibu, ukisikia inakwaruza ndani ujue koili ilishapinda kwa moto au imeingia vumbi. Kwa spika za inchi 4 usihangaike kubadilisha koili, nunua nyingine.

Ukimaliza pima volti pale umeme unapoingia kwenye amplifaya yenyewe, injini ikiwa inawaka na mziki unapiga. Linganisha na betri. Ikipungua zaidi ya nusu volti waya ni nyembamba au arthi imefungwa juu ya rangi, kwangua mpaka uone chuma. Betri ikivuka volti 15 hiyo ni regyuleta, kile kinachodhibiti umeme wa kuchaji, kaitengeneze kabla haijaua na taa.

mtu_wa_boxer
Nimepima. Iliyokufa haisomi kitu, na inanuka kuungua kabisa. Betri 14.1, kwenye amplifaya 12.9 😳

risasi_na_waya
Volti nzima na zaidi inapotea njiani! Vuta waya mpya mnene toka betri na fyuzi yake karibu na betri, arthi pia irudi betri usitegemee chasisi. Bakiza spika mbili, moja kila mdomo, na amplifaya itoe hapo chini ya siti uiweke panapopita upepo lakini mvua haifiki. Besi shusha, inchi 4 haina besi ya kukupa.

kijiwe_msamvu
Kumbe ni wewe ulipita hapa Msamvu inakoroma vile, tukadhani ni matangazo ya mnada 😂

mtu_wa_boxer
😂😂 Ndo mimi bwana. Waya wa milimita ngapi sasa, 2.5 inatosha?

risasi_na_waya
Kwa spika mbili inatosha na kubaki. Chukua ule wa nyuzi nyuzi, usichukue wa nyumba.